Semboja wa Mazinde: mtawala aliyeinuliwa na baruti

Ukitoka Korogwe kwa barabara ya Moshi, ukapita Mombo huku milima ya Usambara ikiwa kulia kwako, unafika Mazinde. Leo wengi huijua kwa mashamba ya mkonge. Miaka 150 iliyopita palikuwa makao ya Semboja, mtu aliyeogopwa kuliko wote katika bonde la mto Pangani. Wasikilizaji wetu wa Korogwe na Handeni wamelisikia jina lake kwa wazee. Leo tunaeleza aliinukaje, na bunduki zilihusika vipi.

Semboja alikuwa nani?

Alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa wa Usambara, wa ukoo wa Wakilindi. Mwanzilishi wa ukoo huo, Mbegha, alitoka Ngulu, upande wa Wilaya ya Kilindi ya leo, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe kwa mkuki na mbwa, na watu walimpenda kwa sababu aliwagawia nyama.

Kimweri naye alitawala kutoka Vugha, juu milimani. Nguvu yake ilikuwa imani ya watu kwamba mfalme ndiye mwenye mvua, pamoja na kodi waliyomletea. Lakini katika uhai wake jambo jipya lilianza chini ya milima. Wazigua wa nchi ya Handeni, kwa kuwa walikuwa karibu na pwani, walitangulia kupata bunduki. Walizilipia kwa pembe za ndovu na, kwa masikitiko, kwa watu. Mkuki wa mlimani ukaanza kukutana na baruti ya bondeni.

Kwa nini alihamia Mazinde?

Semboja aliliona hilo mapema kuliko ndugu zake. Badala ya kung'ang'ania milimani, alijenga Mazinde, palipopita njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Kila mfanyabiashara wa pembe alipaswa kupatana naye. Kwa njia hiyo alijipatia nguo, bunduki na baruti bila kumtegemea mfalme.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Kiti cha Vugha kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, kijana asiye na mali ya kulingana na ya baba yake mdogo. Semboja alikusanya wapiganaji, wakiwamo Wazigua, Wataita na Wamasai, na mwishoni mwa miaka ya 1860 akamfukuza. Shekulwavu alifia ukimbizini. Wabondei nao waliinuka dhidi ya Wakilindi, katika uasi unaokumbukwa kwa jina la Kiva.

Semboja hakupanda Vugha kutawala. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde, kwenye njia ya baruti. Hapo ndipo tunapoona aliamini nguvu iko wapi.

Bunduki hizo zilifanyaje kazi?

Nyingi zilikuwa magobore ya kushindilia kwa mdomo. Mpiganaji alimimina baruti mtutuni, akatia kitambaa au nyuzi, akaweka risasi, kisha akashindilia kwa mdeki. Moto ulitoka kwenye gumegume, na baadaye kwenye fataki. Hakuna kilichopimwa kiwandani. Kipimo kilikuwa jicho na mkono wa mwenye bunduki.

Na kipimo hicho hakiwi kimoja kwa kila risasi. Risasi ya mviringo ni nyepesi, na huingia mtutuni kwa kulegea kidogo, kwa hiyo sehemu ya moshi na nguvu hupita pembeni yake. Risasi ndefu yenye ncha, hata ikiwa na unene uleule, ni nzito zaidi. Ile iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1849 ina shimo kitakoni. Baruti inapowaka, kitako hutanuka na kubana mtutu, nguvu isipate pa kupitia. Baruti iliyozoeleka kwa risasi ya mviringo, ikiwekwa nyuma ya risasi nzito inayobana, huusukuma mtutu kwa nguvu nyingi zaidi. Mtutu dhaifu huvimba au hupasuka usoni mwa mpigaji.

Tena risasi ndefu inataka mtutu wenye mifuo ya kuizungusha. Katika mtutu laini wa gobore hupinduka hewani na kukosa shabaha. Aliyekosa risasi akashindilia misumari au vipande vya chuma, yeye hakujua kabisa nguvu gani ingemrudia.

Ndiyo sababu bunduki iliyoingizwa risasi na baruti vikiwa vimeunganishwa tayari ilibadili vita. Watu wa pwani waliita risasi ya namna hiyo kiasi, na silaha yake bunduki ya viasi. Jina linajieleza: kipimo kimekwisha kuwekwa na aliyeitengeneza.

Nguvu yake iliishaje?

Bunduki zilimiminika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba 80,000 hadi 100,000 ziliingia kila mwaka. Mwaka huohuo vita vya Abushiri vilianza pwani, na msafara wa Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Oscar Baumann ukaporwa. Sehemu ya mali yao iliishia kwa Semboja.

Lakini Wajerumani walirudi na jeshi lenye bunduki za viasi na bunduki za rashasha. Mwaka 1890 Semboja alikubali bendera yao. Mwaka huo pia mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba huko Brussels wa kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Magobore ya gumegume yenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, yaliweza kuruhusiwa. Bunduki za mifuo na za viasi zilizuiwa. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa risasi ya mviringo, mtawala akabaki na ile yenye ncha.

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe, Mputa, na kiti cha Vugha wakampa Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu. Mengi ya zama hizo yamehifadhiwa katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi.

Tunamkumbuka vipi?

Wapo wanaomsifu kwa akili ya biashara na vita. Sisi tunaona pia waliolipa gharama. Kila pipa la baruti lililofika Mazinde lilikuwa na bei, na katika miaka ya vita watu wa milimani na wa bondeni walitekwa na kuuzwa pwani. Tena baruti ile haikutengenezwa Usambara. Walioileta ndio walioweza kuikata.

Gobore halijaisha vijijini. Bado lipo linalofichwa darini kwa ajili ya nguruwe na nyani wa shambani, likishindiliwa kwa kubahatisha kama zamani. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi inakataza kumiliki au kutengeneza silaha bila kibali. Zaidi ya sheria, mtutu wenye kutu haujui ni risasi gani umewekewa leo. Kama la babu lipo nyumbani, usilijaribu. Mweleze mwenyekiti wa kijiji, na polisi walichukue.