Maisha ya Bwana Spicer-Simson na Hesabu ya Kufukuzana

Kila mwaka wengi wetu tunaanguka juu ya hesabu za watu wawili wanaofukuzana. Leo tunaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekutana na hesabu hiyo hapa kwetu, juu ya maji ya ziwa.

Geoffrey Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 kule Tasmania, akaingia jeshi la maji la Uingereza angali kijana. Alikuwa mtu wa majivuno, na kazi zake nyingi ziliharibika. Mwaka 1914 meli yake Niger ilizamishwa, yeye akiwa nchi kavu.

Mwaka 1915 alitumwa kuleta mashua mbili za mtambo, Mimi na Toutou, mpaka Ziwa Tanganyika, maana Wajerumani walilitawala. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, zikafika Lukuga, ndiyo Kalemie yetu, mwezi wa 10. Mamia ya watu weusi walikata njia na kujenga madaraja. Vitabu vinamtaja yeye, wao hapana.

Tarehe 26 Desemba waliteka meli Kingani, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaifukuza Hedwig von Wissmann. Bwana mkubwa alipanda Fifi, kumbe ni nzito. Tuseme Hedwig ilikwenda kilometa 16 kwa saa, Fifi 14. Kila saa Fifi inaachwa kilometa 2, haifiki hata kesho! Mimi ilikuwa nyepesi, tuseme 24. Zinakwenda upande mmoja, basi tunatoa, hatujumlishi: 24 kutoa 16 ni 8. Kama Hedwig imetangulia kilometa 4, nusu saa inatosha.

Ndivyo ilivyokuwa. Wainwright, ndani ya Mimi, alitangulia akapiga mzinga. Hedwig ikageuka kumjibu, ikapoteza mwendo, Fifi ikafika. Hedwig ikazama.

Spicer-Simson alipata nishani. Lakini Graf von Goetzen, meli kubwa kupita zote, hakuthubutu kuishambulia. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Yeye alirudi kwao mgonjwa, akafa Kanada mwaka 1947.

Wadogo zetu, msikimbilie kujumlisha. Chora mstari kwanza, tazama wanaelekea wapi. Tena msidharau mdogo mwepesi: bila yeye, mkubwa asingefika.