Maisha ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, Rafiki wa Wasio na Makao

Jina la Betheli wanalijua Wakristo wengi wa Usambara na wa Bukoba, maana huko walitoka wamisionari wengi waliowafundisha babu zao. Lakini si wengi wajuao kwamba mzee aliyeukuza mji ule wa wagonjwa alitumia miaka ishirini na mitano ya maisha yake kwa ajili ya watu wengine, ambao hawakuwa wagonjwa wala vilema, ila walikuwa hawana kazi wala kwao. Habari hizo ndizo tutakazosimulia hapa. Za hospitali na za misheni tutazigusa kidogo tu.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831, karibu na mji wa Tecklenburg, katika mkoa wa Westfalia. Siku zile Ujerumani haikuwa bado dola moja. Westfalia ilikuwa chini ya mfalme wa Prusia. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, akafanywa waziri wa mfalme, kwanza wa fedha, kisha wa mambo ya ndani ya nchi. Kwa hiyo mtoto alikaa miaka mingi Berlin, akachaguliwa awe mwenzi wa kucheza na mwana wa kifalme, yule aliyekuja kuwa Kaizari Friedrich wa Tatu. Mtoto aliyelelewa hivyo si rahisi ajue njaa ya mwenzake.

Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya ukulima, akawekwa kuwa msimamizi wa shamba kubwa huko Gramenz, katika nchi ya Pomerania. Hapo aliwaona kwa macho yake watu waliolima ardhi isiyo yao tangu utoto hata uzee, nao hawakuwa na kitu cha kuwaachia watoto wao. Hapo pia alisoma kijitabu cha misheni chenye habari za mtoto mmoja wa Kichina, na moyo wake ukageuka. Mwaka 1854 akaacha shamba, akaenda kujifunza theolojia.

Alitaka kwenda nchi za mbali, lakini kazi yake ya kwanza alipewa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1858. Huko walikuwako maelfu ya Wajerumani maskini, wengi wao kutoka Hesse, ambao kazi yao ilikuwa kufagia barabara za mji. Walitoka kwao kwa sababu ya umaskini, na huko ugenini hakuna aliyewajali wao wala watoto wao. Bodelschwingh akajenga shule na kanisa la mbao juu ya kilima cha La Villette, akakaa nao hata mwaka 1864. Nadhani hapo ndipo alipojifunza jambo lililomfaa baadaye: ya kuwa mtu akiisha kutoka kijijini kwake kwa njaa, si mtu wa kijiji kile tena, wala hajawa mtu wa mji alioufikia.

Baada ya Paris aliitwa kuwa mchungaji wa Dellwig, kijiji cha Westfalia. Januari 1869 kifaduro kiliingia nyumbani mwake, na katika majuma mawili watoto wake wanne wote wakafa. Yeye na mkewe, Ida, walizaa wengine wanne baadaye. Lakini wote waliomjua walisema kwamba tangu mwezi ule hakuweza tena kumpita mtu aliaye.

Mwaka 1872 akahamia karibu na mji wa Bielefeld, asimamie nyumba ya wenye kifafa iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1867. Nyumba hiyo ndiyo iliyopewa jina la Betheli. Katika usimamizi wake ikawa mji mzima, wenye masista wa Sarepta na ndugu mashemasi wa Nazareti, na karakana za kila namna, maana alishika neno moja: kila mgonjwa apewe kazi aiwezayo, hata ikiwa ni ndogo sana, ili asijione kuwa mzigo.

Sasa tufike kwenye habari yetu hasa.

Mwaka 1870 ilitungwa sheria juu ya kuwasaidia maskini. Sheria hiyo ilisema kwamba kila mji na kila kijiji kitawasaidia maskini wake, na maskini wake ni wale waliokaa pale muda wa miaka miwili. Mtu aliyetoka akakaa mbali miaka miwili alipoteza haki yake ya zamani. Mwenye kukosa haki mahali popote alihesabiwa kuwa maskini wa mkoa, na mkoa ulikuwa mbali, hauna mlango wa kubishwa usiku. Sheria haikuwa mbaya kwa mkulima akaaye kwao. Lakini mwaka 1873 biashara zilianguka, viwanda vikafungwa, na watu kwa maelfu wakatembea toka mji hata mji wakitafuta kazi. Hao sheria haikuwaona. Na tena kuomba njiani kulikuwa kosa: mwombaji alifungwa, na baada ya kifungo aliweza kupelekwa nyumba ya kazi ya lazima hata miaka miwili. Basi mtu asiye na kazi alikuwa na njia mbili tu, kufa njaa au kuvunja sheria.

Wengine watasema kwamba waziri mkuu Bismarck alileta bima kwa wafanyakazi, naye alisifiwa kwa ajili hiyo duniani pote. Ni kweli: bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali mwaka 1884, ya ulemavu na uzee mwaka 1889. Lakini zote tatu zilimlinda mtu mwenye kazi. Aliyekosa kazi hakuwamo.

Watu hawa walifika mlangoni pa Betheli kila siku, wakiomba. Bodelschwingh aliona kwamba senti anayopewa mtu mlangoni huishia mara nyingi katika duka la pombe, na kesho mtu yule yule yuko mlango wa pili. Akaanza kuwapa kazi kwanza, kisha chakula. Kuna waliokwenda zao wakinung'unika. Lakini wengi walishika jembe kwa furaha, wakaeleza kwamba wamekataliwa kila mahali kwa sababu nguo zao zimeraruka na viatu vimekwisha. Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Mtu hapati kazi kwa sababu hana nguo, na hana nguo kwa sababu hapati kazi.

Kwa hiyo mwaka 1882 akanunua ardhi katika nyika ya mchanga iitwayo Senne, karibu na Bielefeld, akaifanya koloni ya wafanyakazi, jina lake Wilhelmsdorf. Ardhi ile ilikuwa bei nafuu kwa kuwa haikumfaa mtu: chini ya mchanga palikuwa na tabaka gumu kama jiwe, lenye rangi ya kutu, ambalo mizizi haikuweza kulipenya. Lazima lichimbwe na kuvunjwa kwa sururu, kisha shamba lifae. Kazi ya namna hiyo hakuna tajiri awezaye kuilipia akapata faida. Bali kwa watu mia wasio na kazi ilikuwa sawasawa kabisa. Mtu aliingia kwa hiari yake, hakuulizwa dini, na mlango haukufungwa kwa kufuli. Alivikwa nguo, na thamani yake ikaandikwa. Akailipa kwa kazi, kisha akaanza kujiwekea akiba ndogo. Pombe ilikatazwa. Alipokwisha kupata nguvu na nguo nzuri, alitafutiwa mwajiri. Mwaka 1883 mwana wa kifalme, rafiki wa utotoni, alikuja kuitazama, na sifa zake zikaenea. Mikoa mingine ikaiga. Kabla ya karne kwisha koloni hizo zilikuwa zimepita ishirini.

Lakini koloni moja katika mkoa mzima haimfai mtu aliye mwendo wa siku sita kutoka hapo. Kwa hiyo palihitajiwa vituo njiani, mwendo wa siku moja kati ya kimoja na kingine, ambapo msafiri hufanya kazi asubuhi, kama kupasua kuni au kuponda mawe, akapata chakula na kitanda, kisha akaendelea na barua yake mkononi. Kufikia mwaka 1890 vituo vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya elfu.

Hapo Bodelschwingh akakutana na tatizo ambalo huruma peke yake haikuweza kulitatua. Vituo viligharimiwa na wilaya, kila wilaya kwa kupenda kwake. Wilaya iliyofungua kituo kizuri ilipata wasafiri wengi na gharama nyingi; jirani yake asiyefungua hakulipa kitu, akacheka. Baada ya miaka michache waliofungua walichoka, wakafunga. Na mnyororo ukikatika pete moja haufai tena: msafiri aliyekuta kituo kimefungwa alirudi kuomba, na polisi wakamkamata kwa kuomba. Vituo vikapungua sana katika miaka ya tisini. Mswada uliopelekwa barazani siku zile ukashindwa, maana kila mmoja aliuliza ni nani atakayelipa.

Katikati ya shughuli hizo alifanya mengine mengi. Mwaka 1885 alianzisha huko Bielefeld chama cha kuwajengea wafanyakazi wa viwandani nyumba zenye bustani, wazilipe kidogo kidogo mpaka ziwe zao. Alikuwa pia katika uongozi wa misheni ya Afrika Mashariki, na kwa kazi hiyo lilijengwa Lutindi, katika milima ya Usambara, kwanza kuwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, kisha kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Mwaka 1905, akiwa mzee wa miaka sabini na minne, alifungua Hoffnungstal karibu na Berlin, kwa ajili ya watu waliolala katika ukumbi mkubwa wa wasio na makao wa mji ule. Akaagiza kila mmoja apewe chumba chake mwenyewe, ingawa ni kidogo kama sanduku. Wengine walimwona mpotevu wa fedha; yeye alijua kwamba asiye na mahali pa kufunga mlango akaomba peke yake hawezi kujirudisha nafsi yake.

Hata hivyo hatutamfanya malaika. Alikuwa mtu wa mfalme kabisa, aliwaogopa Wasoshalisti, wala hakupenda wafanyakazi wadai haki zao kwa migomo. Vituo vyake vilimtaka mtu afuate njia iliyoandikwa katika cheti chake, na aliyekaidi aliachiwa polisi. Koloni zilikuwa za wanaume. Mwanamke aliyetembea na mtoto mgongoni hakuwa na nafasi humo. Na wako waliozunguka toka koloni hii hata ile miaka yote, wasipate kazi ya kudumu kamwe, maana kazi yenyewe haikuwako, na kuvunja mawe ya Senne hakuwezi kuongeza kazi katika viwanda.

Lakini hakuacha. Mwaka 1903, akiwa na miaka sabini na miwili, alikubali kuchaguliwa katika Baraza la Prusia, kwa shauri moja tu, nalo ni hilo la vituo. Mzee mwenye koti la kichungaji aliwafuata wajumbe wa vyama mbalimbali mmoja mmoja, hata wale waliomcheka, akawaeleza hesabu za wilaya zilizolipa na zisizolipa. Tarehe 29 Juni 1907 sheria ikapatikana. Iliruhusu mkoa, kama baraza lake likikubali, kuzilazimisha wilaya zake zote zifungue vituo, na mkoa wenyewe ushiriki gharama. Hivyo hakuna jirani aliyeweza tena kukwepa na kumwachia mwenziwe mzigo. Ila neno la kuruhusu si neno la kuamuru. Mikoa iliyotumia ruhusa hiyo ilikuwa michache, Westfalia ikiwa miongoni mwao. Mingine ilitazama tu.

Bodelschwingh alikufa Betheli tarehe 2 Aprili 1910, akazikwa karibu na mkewe, aliyemtangulia mwaka 1894. Mwanawe mdogo, Friedrich, akashika kazi baada yake. Sheria ile ya mwaka 1870, iliyomtaka maskini athibitishe miaka yake miwili kabla ya kupata haki mahali, iliondolewa mwaka 1924. Na mwaka 1927 dola ya Ujerumani ilitunga sheria ya bima kwa wasio na kazi, na mtu aliyeachishwa kiwandani akaweza kudai fedha aliyoichangia, bila kuulizwa kwanza alitoka kijiji gani.