Mtu aliyeipa Parkinson jina

Familia ikiambiwa mzee wao ana Parkinson, wengi huuliza hilo ni jina la nini. Ni jina la mtu. James Parkinson alizaliwa London Aprili 11, 1755, mtoto wa tabibu wa mtaa wa Hoxton, naye akatibu watu wa mtaa huohuo karibu maisha yake yote. Alifariki Desemba 21, 1824.

Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwa jina la bandia aliandika vijitabu vya kutetea wanyonge wapate sauti bungeni, na mwaka 1794 aliitwa kuhojiwa kuhusu njama ya kumuua mfalme. Alipenda pia kukusanya mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe.

Mwaka 1817, umri umeshapita miaka 60, alichapisha kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Kilikuwa na wagonjwa sita tu! Wawili alikutana nao barabarani, na mmoja alimtazama kwa mbali bila kumgusa. Alichokiona ndicho ninachokiona kliniki leo: mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mgongo uliopinda, hatua fupi za haraka kama za mtu anayeanguka mbele. Daktari Mfaransa Charcot ndiye aliyekuja kuupa ugonjwa jina lake.

Chanzo, hata hivyo, alikikosea. Alidhani kiko kwenye uti wa mgongo, sehemu ya shingoni, akashauri mgonjwa atolewe damu shingoni. Ni mwaka 1919, huko Paris, Tretiakoff alipoonyesha kwamba seli zinazokufa ziko ndani ya ubongo, kwenye eneo dogo lenye rangi nyeusi.

Seli hizo hutengeneza dopamini. Sasa fuatana nami. Amri ya kutembea hutoka kwenye gamba la juu la ubongo, lakini gamba haliamui peke yake. Chini yake kuna mafundo ya seli yanayopokea taarifa kutoka kwenye gamba, yanazichuja, kisha yanairudishia majibu. Muda mwingi mafundo hayo yameshika breki. Ukitaka kuinua kikombe, dopamini husaidia breki iachie mwendo huo mmoja, mingine ibaki imezuiwa. Dopamini ikipungua, breki haiachii vizuri. Ni gari lenye injini nzima na matairi mazima, ila breki ya mkono imepandishwa.

Ndiyo maana baba husimama mlangoni kama miguu imegandishwa sakafuni. Si uvivu, si jeuri, wala hajarogwa. Usimvute mkono, utamwangusha. Mchoree mstari sakafuni umwambie auvuke, au mhesabie hatua. Mara nyingi huondoka, kwa sababu ubongo umepata njia nyingine ya kuanzisha mwendo.

Parkinson hakuwa na dawa ya kufaa. Sisi tunayo levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi ugonjwa, lakini hulegeza breki. Nyama, maharage na maziwa vinaweza kupunguza nguvu yake, kwa hiyo wengi huimeza nusu saa kabla ya kula; muulize daktari wako. Na vidonge vikikaribia kwisha, usisubiri tarehe ya kliniki: kuacha ghafla ni hatari, mgonjwa anaweza kukakamaa mwili mzima na kupata homa kali.