Vasco da Gama na Mikondo ya Bahari

Vasco da Gama alizaliwa Sines, katika nchi ya Ureno, yapata mwaka 1460. Tarehe 8 Julai 1497 aliondoka Lisbon na merikebu nne kutafuta njia ya Bara Hindi.

Wengi wetu tunakariri mikondo ya joto na ya baridi kwa ajili ya mtihani tu. Yeye aliijua kwa taabu, wala hakuwa na kipimajoto.

Magharibi ya Afrika ya Kusini hupita mkondo wa Benguela, utokao kusini na maji ya baridi. Hewa ipitayo juu yake hupoa, nayo hubeba mvuke kidogo. Ndiyo maana pwani ile ina ukungu mwingi na mvua haba, na jangwa la Namibu limefika baharini. Da Gama aliikwepa, akazunguka mbali katika Atlantiki, akaipita Rasi ya Tumaini Jema mwezi wa Novemba.

Mashariki mambo yakawa mengine. Huko mkondo wa Agulhas huteremka kutoka upande wa ikweta na maji ya joto. Mwezi wa Desemba merikebu zilikwisha kupita mahali alipogeukia Bartolomeu Dias mwaka 1488. Mkondo ukazirudisha, mabaharia wakajikuta tena kwenye kisiwa walichokwisha kukipita. Sisi wa Mbamba Bay twajua kupiga kasia saa nzima huku mwamba ni uleule ubavuni. Lakini upepo wa ziwani hutulia. Mkondo ule hautulii. Bahati yao, upepo wa nyuma ulivuma siku tatu au nne, ukaushinda. Wakati wa Krismasi waliona pwani ya kijani, wakaiita Natal. Ni kijani kwa sababu hewa ya juu ya maji ya joto hujaa mvuke, na mvua hunyesha.

Maji hayo yana ujirani nasi. Mkondo wa joto utokao mashariki hugawanyika karibu na Rasi Delgado, si mbali na mlango wa mto wetu wa Ruvuma: tawi moja huenda kusini, la pili hupanda Kilwa na Mombasa.

Alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani, na Mei akatia nanga Calicut. Wengine humsifu sana. Mimi sikumpenda, kwani mwaka 1502 alifika Kilwa akamtoza Sultani kodi kwa kitisho cha mizinga. Alifariki Cochin tarehe 24 Desemba 1524.