Ludwig Krapf: Shahidi wa Mlima, Shahidi wa Injili



Katika mwaka huu wa jubilei tumeona vyema kijitabu chetu kiwe na maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ilitufikia sisi wa Meru na Embu, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga udongo wetu. Mtu huyo ni Mchungaji Johann Ludwig Krapf. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wanatuuliza siku hizi, wengine kwa maneno na wengine kwa kuacha kuja mazoezini: je, haya tunayoyaimba ni kweli, au ni hadithi tulizorithi tu? Swali hilo ni la haki. Anayesimama mbele ya watu kila Jumapili akaimba kwamba kaburi li tupu, anapaswa kujua anasema nini. Maisha ya Krapf hayamalizi swali hilo, lakini yanatuonyesha namna ya kulikabili bila woga.

Kijana wa Derendingen

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipata mafunzo ya umishonari huko Basel, Uswisi, kisha akatumwa Ethiopia na shirika la Kianglikana la CMS mwaka 1837. Huko alifanya kazi kwa miaka kadhaa, lakini mwishowe njia zikafungwa na akalazimika kuondoka. Hapo ndipo alipoelekeza macho yake pwani ya Afrika Mashariki.

Mapema mwaka 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe Rosine. Sultani Seyyid Said alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Mei wakahamia Mombasa. Kabla ya miezi mitatu kwisha, homa ilimchukua Rosine siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, hoi kwa homa hiyohiyo. Alimzika mkewe na mwanawe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kisha akaandika kwa wakuu wake huko Ulaya kuwaambia kwamba kaburi hilo liwe alama ya kazi iliyoanza, wala si ya kazi iliyokwisha.

Hakurudi kwao. Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohidin. Fikirini jambo hilo: Mkristo wa Kijerumani na kadhi wa Kiislamu wamekaa pamoja wakitafuta neno la Kiswahili la kueleza uumbaji. Krapf aliandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, alipokuwa amekwisha kufariki. Alikuwa mmoja wa wa kwanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, hizi hizi mnazozisoma sasa katika vitabu vyetu vya nyimbo.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Kwa hesabu ya watu, mavuno yao yalikuwa madogo mno. Wa kwanza kubatizwa alikuwa mlemavu aitwaye Mringe, akiwa karibu na kufa. Miaka ilipita na waumini waliweza kuhesabika kwa vidole.

Mlima uliokataliwa London

Mnamo Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani. Huko Kitui alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, ambaye misafara yake ilifika mbali. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Krapf alikutana pia na mtu wa Embu, naye akathibitisha. Alisema amefika mlimani mara nyingi, lakini hakupanda juu sana kwa sababu ya kitu hicho cheupe na baridi yake kali, na kwamba maji yatokayo huko ndiyo yanayolisha Mto Tana.

Kwa siku kadhaa mawingu yaliuficha mlima. Kisha tarehe 3 Desemba 1849 yakafunguka, na Krapf akaona kwa mbali vilele viwili kama pembe, vimefunikwa na weupe. Ndio mlima ambao wazee wetu wa Embu waliuita Kirinyaa na wa Meru wakauita Kirimaara.

Alipoandika habari hizo, na Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, wako wataalamu wa Ulaya waliokataa. Aliyekataa kwa nguvu zaidi alikuwa William Desborough Cooley wa London, mtu aliyesoma vitabu vingi kuhusu Afrika lakini hakuwahi kufika bara. Kwake theluji karibu na Ikweta haikuwezekana. Basi wamishonari hawa ama wamedanganywa na macho yao ama wameamini hadithi za wenyeji. Krapf hakuwa na la kufanya ila kurudia aliyoyaona. Miaka ikapita. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita upande wa magharibi wa mlima na kuiona theluji. Mwaka 1899 Halford Mackinder na wenzake walifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199. Kufikia hapo Krapf alikuwa kaburini miaka 18.

Tana, na mwisho wa safari

Mwaka 1851 Krapf alirudi kwa Kivoi ili wafike pamoja Mto Tana, na pengine apenye mpaka nchi za mlima. Karibu na mto walivamiwa, Kivoi akauawa, na msafara ukatawanyika. Krapf alitangatanga nyikani peke yake kwa njaa na kiu, akichukua maji ndani ya mtutu wa bunduki yake. Aliporudi Kitui, ndugu za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha jamaa yao, na ikambidi atoroke usiku. Hivyo ndivyo alivyoshindwa kutufikia. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kurudi Ulaya.

Lakini mbegu ilipita njia nyingine. Mwaka 1862 alirudi pwani akiwaongoza wamishonari wa Kimethodisti waliofungua kituo cha Ribe, ambako Thomas Wakefield alibaki na kufanya kazi miaka mingi. Kutoka tawi hilo la Kimethodisti ndipo Injili ilipofika Meru, kituo cha Kaaga kikaanzishwa mwaka 1912. Nalo shirika lake la kwanza, CMS, likafika Embu na kufungua Kigari. Kwa hiyo Mmethodisti wa Meru na Mwanglikana wa Embu wote wawili wanaweza kufuata nyayo zao nyuma hadi kwa mtu huyu mmoja. Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Je, ni kweli?

Tunajua mhubiri mwenye haraka angesema hivi: walikataa theluji na theluji ilikuwapo, basi nanyi mnaokataa Injili mtaona. Sisi hatutaki kwenda haraka hivyo. Mtu anaweza kusema kweli kuhusu mlima na akakosea kuhusu Mungu. Theluji iliweza kufikiwa kwa kamba na shoka la barafu. Ufufuo wa Yesu haupandwi kwa kamba. Kijana anayetuambia hivyo amesema sawa, wala tusimnyamazishe kwa kupandisha sauti.

Hata hivyo, ziko njia tatu ambazo kisa hiki kinatusaidia.

Kwanza, kinatuonya dhidi ya kosa la Cooley. Yeye hakuchunguza ushahidi akauona dhaifu. Aliamua kabla ya kusikia kwamba jambo lenyewe haliwezekani, kisha akatafuta kasoro kwa mashahidi. Anayesema Mungu hawezi kumfufua mtu, na kwa hiyo hakumfufua, anatembea njia hiyohiyo. Lakini onyo hilo linatuhusu sisi waumini pia. Anayekubali kila anachoambiwa bila kuuliza ameketi London vilevile; tofauti ni kwamba yeye anaitikia ndiyo badala ya hapana.

Pili, kinatukumbusha kwamba Ukristo ni habari kabla ya kuwa mashauri mema. Unadai kwamba jambo fulani lilitokea, Yerusalemu, wakati wa Pontio Pilato. Mtume Paulo aliliweka jambo lote juu ya ufufuo: hilo likianguka, mahubiri yameanguka pamoja nalo. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba dini inatufariji na inatufunza adabu. Ama habari hii ni kweli ama si kweli. Na habari hupimwa kwa mashahidi wake: walikuwa karibu kiasi gani, walipata faida gani, na walipobanwa, walibadili maneno? Mitume hawakupata mali kwa ushuhuda wao, kama Krapf alivyopata makaburi mawili tu kwa wake. Tukubali kwamba mateso hayathibitishi kila kitu, maana watu wameteswa kwa ajili ya mambo ya uongo pia. Lakini yanaondoa shaka moja kubwa, kwamba mashahidi walitunga. Linabaki swali kama walikosea, na hilo kila mmoja anapaswa kulichunguza mwenyewe, kwa kuzisoma Injili na kwa kujaribu kuishi zinavyoelekeza.

Hapo ndipo tunapokumbuka mito. Rupingazi, Thuci na Kathita hutiririka kutoka mlima uleule. Mtu asiyeamini kuna theluji bado huyanywa maji yake. Vivyo hivyo majirani zetu wataonja mafundisho haya kwanza katika maisha yetu: tunavyogawana shamba la marehemu baba, tunavyomtunza mjane, tunavyopatana baada ya kugombania uongozi wa kwaya. Maji yakiwa machafu, tusishangae wakishuku chemchemi.

Tatu, kuna yule mtu wa Embu. Krapf alikuja kufundisha, lakini habari za mlima alizipokea kwanza kutoka kwa Mkamba na Muembu, akawaamini kabla hajaona. Na huyo Muembu alikuwa shahidi bora kuliko wote. Alisema amefika wapi na hakufika wapi. Hakujidai amekanyaga kilele. Alieleza baridi aliyoihisi, weupe aliouona na maji aliyoyajua, akaishia hapo.

Tungependa kwaya yetu iimbe hivyo katika miaka inayokuja. Tumefika mahali fulani katika kumjua Kristo: tumesamehewa, tumeinuliwa, tumesindikiza wapendwa wetu makaburini tukiwa na tumaini. Hayo tuyaimbe kwa nguvu zote. Ambayo hatujayafikia, tuyakiri kwa unyenyekevu, na wenye maswali tuwape nafasi katika benchi letu, si nje ya mlango. Kijana anayeuliza anatazama mlima. Mawingu hayakai siku zote.

Tunawatakia nyote jubilei yenye baraka. Mungu wa baba zetu, aliyejulikana chini ya mlima huu kabla ya mgeni yeyote kuja, na aitunze kwaya hii katika kweli.