Makhan Singh: Kalasinga aliyedai uhuru kabla ya wakati

Makhan Singh, mmoja wa waasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, alifariki dunia mjini Nairobi mwezi Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Zaidi ya 11 kati ya miaka hiyo aliipitisha kizuizini kwa ajili ya nchi ambayo, ilipopata uhuru, haikumpa wadhifa wowote serikalini.

Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Punjab, kwenye sehemu ambayo leo imo Pakistan. Mwaka 1927 aliletwa Nairobi kwa baba yake, fundi wa reli ambaye baadaye alifungua kiwanda cha uchapaji.

Familia yake ilikuwa ya dini ya Sikh, ambayo wafuasi wake Waafrika Mashariki wamezoea kuwaita Makalasinga au Masingasinga. Dini hiyo iliasisiwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Jina Singh, maana yake simba, ni la wanaume wa Khalsa, jumuiya iliyoundwa na Guru Gobind Singh mwaka 1699. Alama za jumuiya hiyo ni tano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, jambia na kaptura ya ndani.

Mafundisho makuu ni kumkumbuka Mungu, kula kwa jasho la halali na kugawana na wengine. Ndiyo maana kila gurudwara, yaani nyumba ya ibada, ina langari: jiko la chakula cha bure, ambako tajiri na maskini huketi safu moja bila kuulizana dini wala kabila. Wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa wanaijua langari ya Makindu, penye gurudwara iliyojengwa na Makalasinga wa reli mwaka 1926.

Nairobi ya wakoloni haikuwa na safu moja. Ujira na makazi viligawanywa kwa rangi. Mwaka 1935 Makhan Singh, akiwa katibu, alikishawishi chama cha wafanyakazi wa Kihindi kifungue milango kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza ujira.

Kisiasa alifuata ukomunisti, lakini kilemba na ndevu alibaki navyo. Alikwenda India mwaka 1939, Waingereza wakamfunga huko, akarejea Kenya mwaka 1947. Miaka miwili baadaye, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitaka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili, wakati wanasiasa wengi wakiomba mageuzi tu. Mwezi uliofuata alikamatwa, na maelfu ya wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Alizuiliwa kaskazini, Lokitaung na kisha Maralal, hadi alipoachiliwa Oktoba 1961.

Alipowekwa kando baada ya uhuru, aligeukia kalamu. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi mwaka 1952 kilichapishwa mwaka 1969. Humo alihifadhi habari za watu wa rangi mbalimbali waliogoma bega kwa bega, ambao wengi wao, kama yeye, hawakutunukiwa chochote.