Tsuda Umeko: Msichana aliyepelekwa ng'ambo akarudi kuwafungulia wenzake mlango wa elimu

MNAMO Julai 3, 2024, Benki Kuu ya Japani ilianza kusambaza noti mpya. Noti ya yeni 5,000 ilibeba sura ya mwanamke aliyefariki karibu miaka 95 awali, ambaye hakuwahi kuwa malkia, mke wa waziri wala mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza.

Mwanamke huyo ni Tsuda Umeko. Kwa Wajapani wengi, yeye ndiye aliyeweka msingi wa elimu ya juu ya wanawake nchini humo. Hata hivyo, historia ya maisha yake inaonyesha kwamba mzigo huo hakuubeba peke yake. Nyuma yake walikuwapo wanawake wachache, Wajapani na Wamarekani, walioshikana mikono tangu utotoni na hawakuachana hadi kifo kilipowatenganisha.

Umeko alizaliwa Desemba 31, 1864 katika jiji la Edo, ambalo lilipewa jina la Tokyo mnamo 1868. Alikuwa binti wa pili wa Tsuda Sen, samurai aliyejifunza Kiingereza na aliyezuru Marekani mnamo 1867 akiwa mkalimani wa ujumbe wa serikali. Inasimuliwa kwamba baba huyo, aliyetamani mwana wa kiume, alikasirika kusikia amepata msichana mwingine akaondoka nyumbani. Mama ndiye aliyempa mtoto jina, akilitoa kwenye mplamu mdogo uliokuwa umepandwa chunguni karibu na kitanda chake.

Ajabu ni kwamba baba huyo huyo ndiye aliyekuja kumpa binti yake nafasi ambayo wazazi wengine waliikataa. Mnamo 1871, serikali mpya ya Mfalme Meiji ilikuwa mbioni kuibadilisha Japani iwe taifa la kisasa. Kuroda Kiyotaka, mmoja wa wakuu wa idara iliyosimamia ustawishaji wa kisiwa cha Hokkaido, alikuwa amezuru Marekani na kuvutiwa na jinsi wanawake wa huko walivyosoma. Alishawishi serikali ipeleke wasichana Marekani kwa miaka 10 ili warudi wawe mfano kwa akina mama wa Japani. Kila mmoja angelipiwa gharama zote na kupewa dola 800 kwa mwaka.

Tangazo la kwanza halikupata hata mwombaji mmoja. Mzazi gani angemtoa binti yake kwenda kuishi kwa watu wa mbali asiowajua? Hatimaye walipatikana wasichana watano, wote kutoka familia za samurai zilizokuwa upande ulioshindwa katika vita vya 1868. Jamaa zao walikuwa wamepoteza hadhi na mali, na safari hiyo ilionekana kuwa njia ya kurejesha heshima ya ukoo.

Mdogo kuliko wote alikuwa Umeko. Meli yao iling'oa nanga katika bandari ya Yokohama mnamo Desemba 23, 1871, ikiwa imebeba ujumbe mkubwa wa serikali ulioongozwa na Iwakura Tomomi. Umeko alitimiza miaka saba wakiwa baharini. Ni umri ambao mtoto wa Kenya huwa ndiyo kwanza anazoea kwenda shuleni bila kushikwa mkono.

Walifika San Francisco Januari 15, 1872. Kabla ya mwaka kuisha, wasichana wawili waliokuwa wakubwa zaidi walirejea nyumbani kwa sababu ya afya. Wakabaki watatu: Yamakawa Sutematsu aliyeondoka Japani akiwa na miaka 11, Nagai Shige aliyemzidi Umeko kwa miaka miwili hivi, na Umeko mwenyewe. Watatu hao walikuwa kama ndugu waliozaliwa na safari moja.

Umeko alilelewa mjini Georgetown, Washington, na Charles Lanman na mkewe Adeline, ambao hawakuwa na mtoto. Sutematsu alipelekwa New Haven katika nyumba ya mchungaji Leonard Bacon, na huko akawa kama dada wa Alice, bintiye mchungaji huyo. Shige naye alilelewa katika familia ya Abbott huko Fair Haven. Sutematsu na Shige walisomea Chuo cha Vassar, na mnamo 1882 Sutematsu akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata shahada.

Mwishoni mwa 1882, Sutematsu na Umeko walirejea nyumbani. Hapo ndipo mtihani wa kweli ulipoanza. Umeko, ambaye sasa alikaribia miaka 18, alikuwa ameisahau kabisa lugha ya mama yake. Hakuweza kuzungumza na mzazi aliyemzaa bila mtu wa kuwatafsiria. Ilimbidi ajifunze upya namna ya kuketi sakafuni, kuinama kwa heshima na kunyamaza mbele ya wanaume. Alikuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa akiwasubiri. Idara iliyowapeleka ng'ambo ilikuwa imevunjwa mwaka huo huo. Vijana wa kiume waliosomea nje walipewa vyeo serikalini na katika vyuo, ilhali wasichana hao walitazamiwa kuolewa tu. Fedha nyingi za umma zilikuwa zimetumika kuwasomesha, lakini serikali haikuwa imefikiria wangefanya kazi gani.

Kila mmoja alitafuta njia yake. Shige, aliyetangulia kurudi mnamo 1881, alifunza muziki na akaolewa na Uriu Sotokichi, afisa wa jeshi la majini. Sutematsu alitaka kufundisha, lakini hakuweza kusoma wala kuandika Kijapani sawasawa. Mnamo 1883 aliolewa na Jenerali Oyama Iwao, waziri wa jeshi, mjane aliyekuwa na mabinti watatu. Ndoa hiyo ilishangaza wengi kwani Oyama alikuwa miongoni mwa waliouzingira na kuupiga mizinga mji wa Aizu, nyumbani kwa akina Sutematsu, mnamo 1868.

Sutematsu aliitumia nafasi yake vyema. Mnamo 1884 aliwakusanya wake wa wakubwa, wanawake ambao hawakuwa wamewahi kuuza kitu maishani mwao, wakafanya mnada wa hisani wa siku tatu katika ukumbi wa Rokumeikan. Fedha zilizopatikana zilitumika kuanzisha mafunzo ya wauguzi wa kike.

Umeko alikataa kuolewa. Katika barua alizomwandikia Bi Lanman, alieleza wazi kwamba amechoshwa na habari za posa. Alikuwa ameona jinsi wake wa Japani walivyoishi. Mwanamke asiye na elimu wala riziki yake mwenyewe hakuwa na pa kwenda ndoa ilipomshinda. Sheria ya kiraia ya 1898 ilikuja kuthibitisha hali hiyo kwa kumpa mkuu wa nyumba mamlaka makubwa na kumzuia mke kuingia mikataba muhimu bila idhini ya mumewe.

Kwa muda aliishi nyumbani kwa Ito Hirobumi, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani, akiwafunza mkewe na bintiye. Kuanzia 1885 alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya mabinti wa makabaila. Mshahara ulikuwa mzuri na heshima ilikuwapo, lakini moyo wake haukutulia. Wanafunzi wake walikuwa wapole kupita kiasi, na wengi walisoma wakisubiri tu siku ya kuolewa.

Alice Bacon alipokuja Tokyo mnamo 1888 kufundisha katika shule hiyo, alimpa rafiki yake moyo wa kurudi masomoni. Mnamo 1889 Umeko aliingia Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, akasomea biolojia. Pamoja na Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye alishinda Tuzo ya Nobel, alifanya utafiti kuhusu mayai ya chura uliochapishwa mnamo 1894. Chuo kilimtaka abaki aendelee na sayansi. Alikataa. Aliona ana deni nchini mwake.

Kabla ya kuondoka, alifanya jambo lililokuja kuzaa matunda kwa miaka mingi. Alizungumza na wanawake wa Philadelphia, wakiongozwa na Mary Morris, wakachanga dola 8,000. Mtaji huo haukuguswa; faida yake ndiyo iliyolipia masomo ya msichana mmoja wa Japani baada ya mwingine nchini Marekani. Miongoni mwa walionufaika ni Matsuda Michi, aliyekuja kuongoza chuo cha wanawake cha Doshisha, Kawai Michi aliyeanzisha shule ya Keisen, na Hoshino Ai aliyekuja kumrithi Umeko.

Mnamo 1899 serikali iliagiza kila mkoa uwe na angalau shule moja ya upili ya wasichana. Shule hizo zilihitaji walimu, na Umeko akaiona nafasi aliyoingojea kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata alijiuzulu, akaacha mshahara na cheo. Septemba 14, 1900 alifungua shule yake ya Kiingereza ya wanawake katika nyumba ya kupanga mtaani Kojimachi, Tokyo. Wanafunzi walikuwa 10.

Wenzake wa zamani walimjia kama walivyoahidiana. Alice Bacon alirudi Japani akafundisha bila malipo. Sutematsu, wakati huo mke wa mmoja wa majenerali wakuu wa nchi, alikuwa mshauri na mlezi wa shule. Shige naye alitoa msaada. Mnamo 1902 akaja Anna Hartshorne kutoka Philadelphia, ambaye alibaki na shule hiyo hadi 1940.

Lengo la shule lilikuwa wazi: kumpa mwanamke taaluma ya kumlisha. Madarasa yalikuwa madogo, na mwanafunzi aliyetamka neno vibaya alilirudia hadi akapatia. Kila mmoja alitakiwa kuja na maoni yake, jambo geni kwa wasichana waliofunzwa kukubali kila wanaloambiwa. Mnamo 1905 serikali iliiruhusu shule hiyo kutoa walimu wa Kiingereza bila wahitimu kufanya mtihani wa taifa, heshima ambayo hakuna shule nyingine ya wanawake iliyokuwa nayo. Mwaka huo huo Umeko alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha YWCA nchini Japani.

Wapo waliomlaumu kwa kuwa mwangalifu mno. Hakujiunga na harakati za kudai kura, na aliwahimiza wanafunzi wake wawe na adabu ili wasiwape wapinzani sababu ya kuifunga shule. Ikumbukwe kwamba sheria ya 1890 iliwapiga wanawake marufuku kuhudhuria mikutano ya kisiasa, na marufuku ya mikutano haikuondolewa hadi 1922. Hata hivyo, mbegu aliyopanda ilichipuka mahali ambapo hakupatarajia. Yamakawa Kikue, aliyehitimu shuleni humo mnamo 1912, alikuwa mtetezi mkali wa wafanyakazi wa kike, na mnamo 1947 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya wanawake na watoto katika Wizara ya Kazi.

Mnamo 1917 Umeko alipatikana na ugonjwa wa kisukari. Alice Bacon alifariki 1918. Mwanzoni mwa 1919 Umeko aliachia uongozi, na Sutematsu akahangaika hadi Tsuji Matsu akakubali kushika usukani kwa muda. Siku chache baadaye, Februari 1919, Sutematsu aliaga dunia wakati wa janga la homa lililoenea kote ulimwenguni. Kazi ya mwisho aliyomfanyia rafiki yake ilikuwa kuhakikisha shule haibaki yatima.

Tetemeko la ardhi la Septemba 1, 1923 liliteketeza majengo yote. Anna Hartshorne, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alikwenda Marekani kuchangisha fedha za ujenzi mpya. Shige alifariki 1928. Umeko alimfuata Agosti 16, 1929 mjini Kamakura, akiwa na miaka 64, kabla ya kuyaona majengo mapya yaliyofunguliwa Kodaira mnamo 1931. Alizikwa katika uwanja wa chuo hicho, ambacho tangu 1948 ni chuo kikuu chenye jina lake.

Mnamo 1984, mamia ya barua zake kwa Bi Lanman yalipatikana yakiwa yamehifadhiwa katika jengo la chuo hicho. Yanamwonyesha msichana mpweke, mwenye hasira wakati mwingine, aliyeshindwa kuzungumza na mama yake na aliyejiuliza kwa nini alipelekwa mbali kisha akasahaulika. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Umeko alikuwa na marafiki walioyajua machungu hayo kwa kuwa waliyapitia pamoja, na kwa msaada wao binti ambaye kuzaliwa kwake kulimkasirisha baba yake aliwaachia mabinti wa wengine mahali pa kusomea.